Bibi wa chini ananiletea kimchi ila hanichekei, huu ni wema au huruma?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi kijana wa Morogoro, nipo Cheongju Korea Kusini huu mwezi wa nne, nimekuja kwa skolashipu ya serikali yao na sahivi nipo mwaka wa lugha. Nimepanga chumba kwenye jengo la ghorofa nne, chini yangu anakaa bibi mmoja peke yake. Tangu Oktoba ananiletea vyakula, mara kimchi (kabichi yao ya kuchachushwa na pilipili), mara viazi vitamu, mara supu, anagonga mlango ananipa bakuli anaondoka. Lakini nikikutana nae njiani hatabasamu, nikimsalimia anaitikia kwa kichwa tu, na wiki jana alinigombeza kwa sauti mbele za watu kisa takataka. Mwenzangu darasani anasema ananionea huruma kwa sababu mi Mwafrika, mwingine anasema ni watu wa dini wananivizia. Nimechanganyikiwa. Huu wema ni wa kweli? Na bado nina mabakuli yake matatu, nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, pole na baridi, najua Januari ya huko inavyokata masikio. Nianzie mwisho wa swali lako maana hapo ndo panawaka moto: mabakuli matatu ya bibi wa watu yamelala chumbani kwako! Mengine tutaongea taratibu ila mabakuli yarudi wiki hii hii, na yasirudi matupu. Sijui huko Morogoro mmekuaje, mi nimezaliwa Tanga, na kwa mama yangu sahani ya jirani iliyokuja na futari haikuwahi kurudi tupu hata siku moja, kama ndani hamna kitu basi atatafuta hata maembe mawili au kasukari kidogo kwenye karatasi, lakini kitu kitawekwa. Nilipofika Korea nilidhani haya mambo ni ya pwani yetu tu, kumbe bibi wa Kikorea nao wanayo, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kwa hiyo sahivi yule bibi anasubiri, hatakudai na wala hatakuuliza, ila anasubiri aone wewe ni mtu wa aina gani.

Sasa swali lenyewe. Ndio, ni wema wa kweli. Naongea kama mtu mwenye mwaka wa 12 huku, nakaa Jeonju, na kazi yangu ya kila siku ni kuwasikiliza wanafunzi wa kigeni kwenye chuo kimoja na kuwatafsiria wakienda hospitali, uhamiaji, au kwa mwenye nyumba. Swali lako nalisikia kila muhula, linakuja kwa sura tofauti lakini ni lile lile, kwamba huyu mtu ananitendea mema mbona uso wake umefungwa hivi?

Sisi tumelelewa kwamba wema unaanzia mdomoni. Salamu kwanza, za nyumbani, za watoto, za kazi, ndo mtu anaeleza kilichomleta, na mtu akikupita bila salamu unajua ana jambo na wewe. Mkorea anaanza upande wa pili, mkono unatangulia na mdomo unakuja nyuma sana, wakati mwingine hauji kabisa. Kwenye lugha yao kuna uri, yaani sisi, wetu, na kuna nam, ambae kwa Kiswahili safi ni mtu baki. Utasikia mtoto aliyezaliwa peke yake anasema mama yetu, nyumba yetu, hiyo ndo uri, na nadhani wewe Mswahili unaielewa haraka kuliko Mzungu. Mtu baki hachekewi njiani. Hana ubaya wowote, ni kwamba huna habari nae na yeye hana habari na wewe, na ukimchekea mtu usiyemjua anaweza kujiuliza huyu ana nini. Ndo maana unapigwa kikumbo sokoni na mama wa watu na haombi radhi, anapita tu. Miezi ya kwanza nilikuwa nalia kabisa na vile vikumbo.

Kati ya mtu baki na mtu wetu kuna njia, na njia hiyo wanaiita jeong. Wengi wanatafsiri kama upendo, mi naona sio sawa sana, naona iko karibu zaidi na mazoea yenye mapenzi ndani yake, vile unavyompenda mtu kwa sababu mmekula pamoja na mmevumiliana muda mrefu. Hawasemi nimeanzisha jeong na fulani, wanasema jeong imeingia, yaani imeingia yenyewe bila watu kuona siku gani. Alafu iko ya aina mbili, kuna jeong nzuri na kuna ile inayoingia kupitia kugombana, hii nyingine wanaiita miun jeong, mtu anakukera kila siku lakini akisafiri wiki moja unasikia nyumba imepwaya. Sasa turudi kwenye takataka zako.

Tangu 1995 Korea nzima takataka zinatupwa kwenye mifuko maalum ya manispaa unayonunua dukani, ukitupa nyingi unalipa zaidi. Mabaki ya chakula yana njia yake, plastiki njia yake, karatasi, chupa, na kuna sheria ndogo ndogo zinazomchanganya kila mgeni, mfano mifupa ya kuku haiendi kwenye mabaki ya chakula. Ukikosea faini ipo. Kwenye jengo dogo kama hilo lako mfuko uliochanganywa ukikutwa pale nje, wa kwanza kufikiriwa ni nani? Ni wewe mgeni, hata kama haukuwa wako. Kwa hiyo bibi aliyekugombeza mbele za watu kakutoa kwenye shida, na zaidi ya hapo kawaonyesha wale watu kwamba huyu kijana ana mtu wa kumfundisha. Mtu baki hagombezwi. Mtu baki anaripotiwa kimya kimya, unashangaa tu karatasi imebandikwa mlangoni.

Mimi yalinikuta mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa napanga chumba kwa bibi mmoja Jeonju, asubuhi natoka naenda darasani namkuta amechuchumaa pale nje, mfuko wangu ameufungua, anatoa kitu kimoja kimoja kwa mikono mitupu, mfupa wa kuku huku, ganda la yai huku, kikombe cha tambi akakisuuza kwenye ndoo kabisa ndo akakiweka kwenye plastiki. Nikasimama pale aibu imenishika siwezi hata kupita. Alipomaliza akainua uso akaniambia neno moja tu, bwasseo? yaani umeona? Nikasema nimeona. Akasimama akishikilia magoti, akaingia ndani. Jioni yake kulikuwa na mahindi ya kuchemsha mlangoni kwangu yamefungwa kwenye taulo ili yasipoe.

Wakorea wenyewe wana neno la watu wa namna hii, wanasema ojirap yake ni pana, na ojirap ni lile pindo la mbele la vazi lao la zamani, kwamba likiwa pana linafunika hata yasiyomhusu. Ndo yule mama usiyemjua kituo cha basi anakufungia zipu ya koti, au anamwambia mwenye mtoto mbona miguu iko wazi. Vijana wa Kikorea hawaipendi hii tabia na wana haki yao, mtu akikuuliza utaoa lini kila Jumapili inachosha. Lakini kwa mgeni asiye na ndugu hapa naona pindo pana limewaokoa wengi. Nimeshaletewa ofisini wanafunzi wagonjwa na mama wauza mboga, wamewakuta wameinama njiani wakawashika mkono mpaka chuoni.

Na wewe uko Cheongju, hilo ni la kuangalia pia. Watu wa mkoa wenu huo wa Chungcheong Wakorea wenzao wanawasema kwamba wanaongea polepole na hawasemi jambo moja kwa moja. Wana neno lao, gwaenchanayu, yaani hamna shida, na hilo neno linaweza kuwa ndio, linaweza kuwa hapana, linaweza kuwa rudia kuniomba mara mbili ndo nikubali. Kwa hiyo usimpime bibi wa Cheongju kwa maneno, utapotea. Hesabu mabakuli.

Kwanini iwe chakula kila mara? Fikiria umri wake. Bibi wa miaka 80 alizaliwa miaka ya 1940, vita ya Korea ya 1950 mpaka 1953 imemkuta mtoto mdogo, na baada ya vita kulikuwa na kitu wanaita boritgogae, mlima wa shayiri, ile miezi ya masika mpunga wa mwaka jana umeisha na shayiri bado haijaiva shambani, watu wanachemsha majani na magome. Kizazi chake kimepanda huo mlima kila mwaka. Ndo maana mpaka leo wazee wakikutana wanaulizana bap meogeosseo? umekula? kama sisi tunavyosema habari. Sasa bibi aliyepita kwenye njaa hiyo akiona kijana mrefu, mwembamba, anarudi saa nne usiku na mfuko wa tambi za dukani, mdogo wangu roho yake haiwezi kutulia. Yaani hata ungekuwa mtoto wa Busan, Mkorea mwenzake, angekugongea tu.

Ntakwambia nilivyoelewa mimi, maana kwa vitabu sikuelewa. Novemba yangu ya pili bibi mwenye nyumba akaja mlangoni akasema kesho usiende popote. Ilikuwa kimjang, siku za kutengeneza kimchi ya msimu mzima wa baridi, kitu ambacho UNESCO waliingiza kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013, lakini pale uani hamna aliyekuwa anawaza UNESCO, kulikuwa na kabichi kama 60 zimelala kwenye maji ya chumvi tangu jana yake na mama saba wa mtaani wamevaa glovu za mpira za waridi mpaka kwenye viwiko. Leo kwa huyu, keshokutwa kwa yule, hiyo inaitwa pumasi, kusaidiana kwa zamu kama tunavyolimiana kijijini (na upatu pia wanao, wanauita gye, mama wa Kikorea na mama wa Tanga wangeelewana siku ya kwanza tu). Mi nilipewa glovu na kigoda. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno, bibi alishika mkono wangu akausogeza, unafungua jani la kabichi, unapaka ule mchanganyiko wa pilipili, vitunguu saumu, tangawizi, figili iliyokatwa nyembamba na samaki wadogo waliochachushwa, kisha jani linalofuata, mpaka ndani kabisa, alafu jani la nje unalizungushia kama unafunga kitambaa. Nikipaka kidogo ananirudishia. Nikipaka nyingi ananirudishia.

Katikati ya kazi akachuna jani la ndani, lile la njano, akalikunja na donge la pilipili, akanyoosha mkono moja kwa moja mpaka mdomoni kwangu. Mbele ya mama wote wale. Mtu ambae kwa mwaka mzima hajawahi kuniuliza hata unaendeleaje. Nikafungua mdomo, pilipili ikanipanda puani machozi yakanitoka, wakacheka wote, na yeye kwa mara ya kwanza nikamuona meno yake.

Alafu ikaja sehemu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nanyamaza kidogo. Kimjang ikiisha wanakula nyama ya nguruwe ya kuchemsha na ile kimchi mbichi, ndo desturi. Mi Muislamu. Kikorea changu wakati huo kilikuwa kifupi, sikuweza kueleza na sikutaka kuharibu furaha ya watu, nikala wali na kimchi nikasema nimeshiba. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mwaka uliofuata Novemba, tumemaliza kabichi, mkeka umetandikwa, nyama imewekwa upande ule, na mbele ya kigoda changu kuna samaki wa kuchoma, mzima, kwenye sahani yake peke yake. Sikuulizwa, sikuelezwa. Mama mmoja alivyosogeza sahani ya nyama kwa upande wangu bibi akairudisha kwa kidole. Hiyo wanaiita nunchi, kusoma mtu bila kumuuliza, na yule bibi alikuwa amenisoma mwaka mzima uliopita akatunza moyoni.

Kwa hiyo nikiulizwa Wakorea wana wema gani, hiyo sahani ya samaki ndo jibu langu.

Sasa kuhusu huruma, mwenzako hajakosea asilimia mia, na mi sitaki kukudanganya. Wageni wanaoishi Korea mwisho wa 2023 walipita milioni 2.5 kwenye nchi ya watu kama milioni 51, lakini wengi ni Wachina, Wavietnam, Wathai, Wauzbeki. Ule mpango wa kuleta wafanyakazi ulioanza 2004 hauna hata nchi moja ya Afrika. Yaani inawezekana kabisa wewe ndo Mwafrika wa kwanza bibi yako kumuona kwa karibu, na Afrika aliyonayo kichwani ni ile ya matangazo ya michango kwenye tivii, mtoto mwenye inzi machoni. Kwa hiyo bakuli la kwanza huenda lilikuwa na huruma ndani yake, sikatai. Ila huruma ya namna hiyo haifiki bakuli la tatu. Mtu akikuhurumia kama picha anatoa mara moja moyo wake unatulia, imeisha. Anayerudi kila wiki ameanza kukuangalia wewe, ameona unarudi saa ngapi, ameona kiazi kilikwisha haraka kuliko supu. Jiulize vyakula vinabadilika kulingana na unavyovipenda? Anakuletea kile kile anachokula mwenyewe, au mabaki? Anakugombeza? Nadhani majibu umeshayapata.

Na jua kwamba hao wazee nao familia zao zimekuwa wageni kwa watu. Kuanzia 1963 Korea ilipeleka wachimba migodi karibu 8,000 Ujerumani Magharibi, na manesi zaidi ya 10,000 wakafuata, alafu miaka ya 1970 wanaume wakaenda kujenga barabara na bandari Saudia na nchi za Ghuba. Nimekaa na mzee mmoja kwenye basi la Gunsan aliponiuliza natoka wapi nikasema Tanzania, akafikiri, akasema Ethiopia? nikasema jirani jirani, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ethiopia walileta kikosi cha Kagnew kupigana upande wa Korea Kusini kuanzia 1951, kumbukumbu yao iko Chuncheon. Yule mzee alinishukuru mimi kwa ajili ya askari ambao sina uhusiano nao wowote, na sikumsahihisha, nilipokea kwa niaba yao.

Lakini sitaki utembee huko ukidhani kila uso uliofungwa una bakuli nyuma yake, hapana. Kuna baa na klabu zinaweka tangazo mlangoni wageni hawaingii, na Korea mpaka naandika haina sheria moja kamili ya kukataza ubaguzi. Utashikwa nywele bila kuombwa. Kiti cha pembeni yako kwenye basi kitabaki wazi basi likiwa limejaa, hiyo inauma na usijifanye haiumi. Kuna wafanyakazi wa mashambani wanalazwa kwenye mabanda ya plastiki, Desemba 2020 dada mmoja wa Kambodia alifia humo Pocheon kwenye baridi kali. Mwaka 2018 walipofika Wayemeni zaidi ya 500 kisiwani Jeju wakiomba hifadhi, watu zaidi ya 700,000 walisaini ombi kwa serikali kuwapinga. Kisiwa hicho hicho wakatokea watu wakawafungulia nyumba zao na kuwafundisha lugha. Yote mawili ni Korea. Mtu akikubagua kazini au chuoni, tume yao ya haki za binadamu namba yake ni 1331, piga, wema wa bibi yako haufuti haki yako.

La watu wa dini nalo naomba ulisikilize. Hao wapo kweli, hasa karibu na vyuo, na utawatambua kwa sababu wanafanya kinyume na bibi yako kila kitu. Wanakuja wawili wawili, wanacheka sana, wanakusifia uso, wanakuuliza njia au wanasema wana utafiti mdogo, na wanataka namba yako ya Kakao, ile app ya meseji ya huku, siku hiyo hiyo. Ukiwapa wanakukaribisha mahali. Mkorea wa kawaida hana haraka hiyo. Sisemi makanisa, makanisa mengi ya huku yanafundisha wageni Kikorea bure na yana zahanati za bure za wafanyakazi, mi mwenyewe na hijabu yangu nimefundishwa hangul, yaani herufi za Kikorea, na mama wa kanisani na hajawahi hata mara moja kunigusia dini yangu. Nasema yule anayekukimbilia kukupenda. Bibi yako ana miezi mitatu na hata jina lako labda hajui.

Kuna kisa kimoja nakisimulia kwa kila mwanafunzi mpya. Machi 2020 kule Yangyang, pwani ya mashariki, jengo la vyumba liliwaka moto usiku na kijana mmoja wa Kazakhstan akapanda kwa nje kwenda kuokoa watu, akaungua vibaya. Alikuwa hana vibali, akikaa hospitali anajulikana, na kweli alijulikana. Sasa majirani zake wa Kikorea ndo walichangishana hela ya matibabu wakaanza kupiga kelele serikalini asifukuzwe, mwaka huo huo serikali ikamtambua rasmi kama mtu aliyeumia akiokoa wengine, akapata kubaki. Hawa ni watu ambao kabla ya moto walikuwa wanapishana nae kwenye ngazi bila kuchekeana. Ndo nakwambia usihesabu meno.

Vijana wa rika lako wana namna yao pia, ila hapo ntapita haraka. Wengi wanakukwepa kwa kuogopa Kiingereza, sio kukuogopa wewe, ukianza na Kikorea hata kibovu utaona mabega yanashuka. Ukiuliza njia anaweza asikuelekeze, anakusindikiza mpaka kwenye basi lenyewe anageuka anaondoka bila kwaheri. Sokoni ukirudi kwa mama yule yule mara tatu, ya nne anakuongezea machungwa mawili anasema seobiseu, maana yake ya bure hayo. Na ukikwama kabisa na lugha kuna watu wa BBB Korea, wanajitolea kutafsiri kwa simu, walianza wakati wa Kombe la Dunia la 2002, namba ni 1588-5644 na Kiswahili kimo kwenye orodha yao. Wakorea wanaojua Kiswahili wapo kweli, Chuo Kikuu cha Hankuk kinafundishwa tangu miaka ya 1980.

Haya, mabakuli. Osha, kausha, kama la plastiki limebaki na wekundu wa kimchi usihangaike kusugua, yote yako hivyo huku. Kama una jiko weka maandazi, kaanga madogo laini yasiwe makavu, wanayo yao yanaitwa kkwabaegi yamesokotwa kama kamba kwa hiyo ladha haitamshangaza, meno ya wazee yanayaweza na atajua umeyafanya kwa mkono wako. Kama huwezi, machenza ya Jeju, sahivi ndo msimu wake. Yasiwe manne tu, nne wanaitamka kama kifo na bibi wa umri ule anajali. Usiweke hela. Naomba sana usiweke hela, ukimlipa umefunga hesabu, na yeye hakufungua duka.

Usimuite halmeoni, yaani bibi, mpaka umsikie mwenyewe anajiita hivyo, anza na eomeonim, mama wa heshima, wapo wanaoumia kuitwa bibi na watu baki. Toa kwa mikono miwili na uiname kidogo, hiyo wewe wa shikamoo huhitaji kufundishwa. Sema jal meogeotseumnida, nimekula vizuri. Atasema mwol ireon geol, ya nini haya yote, alafu gwaenchanayu kama mara mbili atakusukumia virudi, wewe shikilia, ya tatu atapokea. Na Seollal, mwaka mpya wao, inakuja, huwa inaangukia mwisho wa Januari au Februari. Watoto wake wakija usiingie siku yenyewe, nenda siku moja kabla na kaboksi kadogo ka matunda, na kama hawaji utajua tu kwa ukimya wa ngazi, basi siku hiyo gonga mlango asubuhi.

Kwa leo au kesho nenda saa kumi na moja jioni hivi, wazee wanakula mapema. Vaa soksi zisizo na tundu maana anaweza kukuambia ingia. Na kuhusu lile swali lao la kila siku, bap meogeosseo, kawaida tunajibu ndio nimekula, hata kama hujala, ndo adabu. Hiyo siku akikuuliza, mwambie bado.